Heri wa Tandika

Kwao walimwita Harriet Pembury.
Kwenye banda la video la Machupa, Tandika,
jina refu hivyo halikupita mlangoni.
Nikalikata, nikamwita Heri,
na sijawahi kumwomba radhi.

Filamu ya kwanza alikuwa kijakazi.
Anaingia na sinia la chai, anasema maneno manne, anatoka.
Mimi, kipaza sauti nimekifunga kwa mpira wa baiskeli,
nikampa arobaini:
"Chai hii hapa, na mshahara wangu wa miezi miwili uko wapi?
Au mnadhani nakula mapazia?"
Banda likaangua kicheko.
Msukuma mkokoteni mmoja akasimama kabisa: "Waambie, dada!"
Lakini mimi nilikuwa naangalia vidole.
Birika lilikuwa tupu, vidole vilisema hivyo,
na bado alitembea kana kwamba lina maji ya moto.
Hapo ndipo nilipomheshimu.

Kanda zikaja, za Kariakoo, wino umefutika.
Akawa mke wa nahodha.
Akawa mpelelezi aliyeficha barua ndani ya mkate.
Akawa jaji, uso mkavu kama hati ya mahakama.
Siku aliyogombana na mkwewe nikamsemesha Kizaramo,
maana Kiswahili kilikuwa na adabu mno kwa hasira ile.

Zilikuja bila mpangilio.
Jumatatu ana miaka sitini na fimbo,
Alhamisi ana ishirini na mbili, anakimbia ngazi.
Kwetu hakuzeeka, alikwenda na kurudi
kama mtu mwenye nyumba mbili.
Aliyezeeka kwa mstari ulionyooka ni mimi.
Jino la mbele likang'oka, "s" zangu zikaanza kupiga mluzi,
nikampa Heri na mluzi wenyewe.
Watu wakasema, ndivyo Wazungu wanavyozeeka.

Asubuhi moja nanunua vitumbua,
gazeti la kufungia lina picha yake,
mafuta yamemlowesha mpaka begani.
Nikasoma: miaka kumi na tisa jukwaani, London,
kila jioni, Jumamosi mara mbili.
Habari iliyobaki ilizama kwenye mafuta.
Nikakaa kibarazani, vitumbua vikapoa.
Miaka kumi na tisa, na hakuna kanda!
Waliomwona walirudi naye nyumbani vichwani,
wakalala naye, wakafa naye.
Na mimi je?
Nani ana kanda ya Jumanne ile ya mapazia?

Halafu ile filamu ya kitandani.
Heri anakufa. Mwanawe kamshika mkono.
Mdomo unafunguka, na
pap, Tanesco.
Giza. Jenereta haina mafuta, Machupa mwenyewe hayupo.
Nikasikia mabenchi yanalia, watu wanainuka.
Nikaweka chini kipaza kisicho na kazi,
nikamalizia kwa kinywa kitupu.
Alichotaka kusema sikukijua. Nikasema changu:
Nimechoka, wanangu. Birika lifunikeni.
Mwenye deni langu asilipe.
Mapazia yaacheni wazi,
nimekwishayala ya kutosha.

Mabenchi yakanyamaza.
Mtu akapenga kamasi, akajifanya ni mafua.
Umeme uliporudi nikanyoosha mkono nirudishe kanda nyuma.
"Acha," akasema Bi Tatu Kiswabi, muuza mkaa,
ambaye kwa kawaida husinzia tangu mwanzo.
"Acha hivyo hivyo. Ameshakufa vizuri."
Usiku ule hakuna aliyedai kiingilio chake.

Banda sasa ni duka la vioo.
Mjukuu wangu ana simu, kila kitu kimo humo.
Babu, anasema, hayo maneno yake ya mwisho
nakutafutia sasa hivi, dakika moja tu.
Namwambia kula kwanza,
vitumbua vinapoa.